Je, Katika Mtandao wa Giza Hakuna Aonaye?

Katika siku hizi imeenea miongoni mwa vijana, na hata miongoni mwa watu wazima wenye akili zao, kauli moja ambayo yafaa ichunguzwe kwa makini kabla haijaaminiwa. Husemwa kwamba ndani ya intaneti iko sehemu iliyofichika, iitwayo mtandao wa giza, ambamo mtu aweza kuingia, kununua, kuuza na kutazama atakacho, wala asiwepo wa kumjua: si serikali, si jirani, si mzazi. Kwa ufupi, kauli yenyewe ni hii: "Huko hakuna aonaye."

Jambo hili si dogo. Wako watu waliojenga maisha yao juu ya kauli hiyo, na maisha hayo yakaporomoka. Wako waliopoteza mali, wako waliofungwa, na wako waliokufa. Kwa hiyo katika makala hii tutaitia kauli hiyo katika mizani na kuuliza: Mtandao wa giza ni kitu gani hasa? Je, ni kweli kwamba humo hakuna aonaye? Na mtu mwadilifu, ambaye hana haja ya kuingia humo, yampasa afanye nini? Hatumwombi msomaji akubali neno letu bure. Tunamwomba azipime dalili.

MAANA YAKE NA ASILI YAKE

Kwanza yatupasa kutenganisha mambo matatu ambayo watu huyachanganya. Liko tabaka la juu la intaneti, nalo ni zile kurasa ambazo mtu yeyote huzipata kwa kuuliza katika mtambo wa kutafutia kama Google. Chini yake liko tabaka la ndani, ambalo mitambo hiyo hailisomi kwa sababu limefungwa kwa nywila: sanduku lako la barua pepe, hesabu yako ya benki, kumbukumbu za wagonjwa hospitalini. Tabaka hili halina ubaya wowote; kila mwenye barua pepe huliingia kila siku. Mtandao wa giza ni sehemu ndogo tu ya tabaka hilo la ndani, ambayo haifunguki kwa kivinjari cha kawaida, bali yahitaji programu maalumu. Programu iliyo mashuhuri zaidi katika kazi hiyo huitwa Tor.

Asili ya Tor haikuwa katika magenge ya wahalifu. Ilibuniwa na wataalamu wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Majini la Marekani katikati ya miaka ya 1990, ili watumishi wa serikali hiyo waweze kuwasiliana bila adui kujua nani anasema na nani. Mwaka 2002 programu hiyo ilitolewa kwa watu wote, na mwaka 2006 likaundwa shirika lisilo la kibiashara la kuitunza. Sababu ya kuitoa yaeleweka: lau ingetumiwa na majasusi peke yao, kila aionaye ikipita angejua kwamba huyo ni jasusi. Ajifichaye kwa njia hii ahitaji umati wa kujichanganya nao.

Ili kuielewa kazi yake, chukua mfano wa barua. Mtu aandika barua, aitia katika bahasha, bahasha hiyo aitia katika ya pili, na ya pili aitia katika ya tatu. Bahasha ya nje ina anwani ya tarishi wa kwanza tu. Tarishi huyo aifungua, na ndani akuta bahasha yenye anwani ya tarishi wa pili; wa pili akuta anwani ya wa tatu; na wa tatu ndiye aifikishaye barua. Wa kwanza amjua aliyetuma, lakini hajui iendako. Wa mwisho ajua iendako, lakini hamjui aliyetuma. Wa kati hajui hili wala lile. Hivyo ndivyo Tor ipitishavyo ujumbe katika kompyuta tatu, kila moja ikimenya ganda moja, na ndiyo maana njia hiyo ikafananishwa na kitunguu. Tena ziko tovuti ambazo nazo hujificha kwa njia hiyo hiyo, hata mgeni asijue kompyuta izibebayo iko nchi gani. Tovuti hizo ndizo mtandao wa giza.

Uadilifu watulazimisha kusema pia yaliyo mema. Facebook ilifungua mlango wake ndani ya Tor mwaka 2014, na BBC ikafanya hivyo mwaka 2019, ili wakaao katika nchi ambamo habari zimezuiliwa waweze kuzisoma. Ziko serikali, kama ya China na, tangu mwaka 2021, ya Urusi, ambazo zimeizuia Tor. Lakini katika nchi nyingi kuwa na programu hiyo peke yake si kosa. Giza la usiku humfaa mvuvi wa dagaa, na humfaa mwizi vilevile. Basi hatulilaumu giza. Tunalolichunguza ni lile dai la kwamba atendaye uovu gizani hatajulikana.

DALILI YA KWANZA: SOKO LA SILK ROAD

Mwanzoni mwa mwaka 2011 kijana wa Marekani, Ross Ulbricht, mzaliwa wa Texas, alifungua ndani ya Tor soko aliloliita Silk Road, yaani Njia ya Hariri. Humo ziliuzwa hasa dawa za kulevya, na malipo yalifanywa kwa bitcoin, fedha ya kompyuta isiyotolewa na benki yoyote. Mwenyewe alijiita Dread Pirate Roberts, jina la haramia wa hadithini, na kwa zaidi ya miaka miwili wanunuzi na wauzaji hawakujua ni nani.

Je, jina lake la kweli lilijulikanaje? Je, mpelelezi aliyamenya maganda ya kitunguu moja baada ya jingine? La hasha. Aliyelipata alikuwa mpelelezi wa idara ya kodi, naye alitumia mtambo wa kutafutia wa kawaida, uleule utumiwao na mwanafunzi. Aliona kwamba mnamo Januari 2011 mtu aliyejiita "altoid" alilitaja soko hilo hadharani lilipokuwa bado halijulikani. Miezi kadhaa baadaye "altoid" huyo huyo aliomba mtaalamu wa kompyuta, na ili ajibiwe akaandika anwani ya barua pepe ambayo ndani yake lilikuwamo jina kamili la Ross Ulbricht. Wahenga walisema: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Maneno machache yaliyoandikwa mchana kweupe yaliubatilisha usiku mzima.

Tarehe 1 Oktoba 2013 Ulbricht alikuwa ameketi katika maktaba ya umma mjini San Francisco, kompyuta yake ikiwa wazi mbele yake. Maofisa wawili, mwanamume na mwanamke, wakajifanya wanagombana nyuma yake. Alipogeuka kutazama, kompyuta ikanyakuliwa kabla hajaifunga. Ndani yake zilikutwa kumbukumbu za soko na shajara aliyoiandika mwenyewe. Mwezi wa Mei 2015 alihukumiwa kifungo cha maisha. Siku ya hukumu wazazi wa vijana waliokufa kwa dawa walisimama mahakamani wakasema habari za watoto wao. Mnamo Januari 2025 Rais Donald Trump alimsamehe, naye akatoka baada ya kukaa kifungoni zaidi ya miaka 11.

Wala si wahalifu tu waliodanganywa na kauli hiyo. Wawili kati ya maofisa wa serikali waliokuwa wakilipeleleza soko hilo waliiba bitcoin zake, wakidhani kwamba wizi wa namna hiyo hauna alama. Wote wawili walitambuliwa na wakahukumiwa vifungo mwaka 2015.

DALILI YA PILI: ALPHABAY NA HANSA

Baada ya Silk Road kufungwa, masoko mengine yaliinuka. Lililokuwa kubwa kuliko yote liliitwa AlphaBay, lenye watumiaji zaidi ya 200,000. Mwenye soko alikuwa raia wa Kanada, Alexandre Cazes, aliyeishi Bangkok kwa anasa kubwa. Naye aliponzwa na nini? Siku za mwanzo za soko lake, barua ya kuwakaribisha wanachama wapya ilibeba anwani yake binafsi ya barua pepe, aliyokuwa akiitumia tangu ujana wake. Aliirekebisha baadaye, lakini neno likishatoka halirudi. Tarehe 5 Julai 2017 alikamatwa nyumbani kwake, tena kompyuta yake ikiwa wazi. Juma moja baadaye alikutwa amekufa katika chumba cha mahabusu. Alikuwa na umri wa miaka 25 tu.

Sasa tazama yaliyofuata, maana hapa pana funzo kubwa zaidi. AlphaBay ilipotoweka ghafula, watu wake walikimbilia kwa maelfu soko jingine liitwalo Hansa, wakidhani wamepata usalama. Kumbe tangu mwezi wa Juni polisi wa Uholanzi walikuwa wamekwisha litwaa soko hilo kwa siri, na walikuwa wakiliendesha wao wenyewe! Kwa karibu mwezi mmoja kila aliyeagiza alikuwa akiwaandikia polisi jina na mahali pa kupelekewa mzigo. Soko lilipofungwa tarehe 20 Julai 2017, anwani zipatazo 10,000 za wanunuzi walio nje ya Uholanzi zilikabidhiwa Europol, shirika la ushirikiano wa polisi wa Ulaya.

Fikiri, ndugu msomaji. Yule aliyeamini kwamba hakuna aonaye, aonaye alikuwa ndiye mwenye duka. Na mzigo lazima ufike mahali. Mtu aweza kuificha kompyuta yake nyuma ya maganda mia, lakini dawa haiingii nyumbani kwa njia ya hewa. Yaletwa na mtu wa posta, mlangoni, kwa anwani.

DALILI YA TATU: DAFTARI LA FEDHA

Wengi husema, "Lakini bitcoin haina jina." Neno hili ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ina hatari kuliko uongo mtupu. Daftari la bitcoin li wazi kwa walimwengu wote. Kila malipo huandikwa humo na hayafutiki kamwe. Ni kweli kwamba halina majina, bali lina namba; lakini siku namba moja itakapofungamana na jina, kwa mfano pale mtu anapobadilisha bitcoin kuwa dola mahali panapotaka kitambulisho, malipo yake ya miaka ya nyuma huanza kusomeka.

Kwa njia hiyo iliangushwa tovuti moja ya Korea ya Kusini iliyouza picha za watoto wakitendewa uovu usiosemeka. Wapelelezi walifuata malipo hatua kwa hatua, na mnamo Oktoba 2019 ikatangazwa kwamba watu wasiopungua 337 wamekamatwa katika nchi mbalimbali, na watoto wasiopungua 23 wameokolewa mikononi mwa watesi wao.

Tena mwaka 2012 mtu mmoja alipata hila ya kuiba bitcoin zaidi ya 50,000 kutoka Silk Road yenyewe. Akakaa kimya miaka tisa. Mnamo Novemba 2021 maofisa waliingia nyumbani kwake katika jimbo la Georgia, Marekani, wakazikuta. Sehemu yake ilikuwa katika kompyuta ndogo iliyofichwa ndani ya kopo la bisi, chini ya mablanketi, katika kabati la bafuni. Thamani yake siku hiyo ilizidi dola bilioni 3. Siku za mwizi ni arobaini, nazo hazihesabiwi na mwizi.

DALILI YA NNE: PAZIA LENYEWE LAONEKANA

Kampuni ikuuzayo intaneti kwa kawaida yaweza kuona kwamba unatumia Tor, ingawa haioni ufanyalo ndani yake. Mwezi wa Desemba 2013 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Harvard, akitaka mtihani uahirishwe, alituma kwa njia ya Tor vitisho vya uongo vya mabomu. Wapelelezi hawakuhitaji kuyamenya maganda. Walitazama tu ni nani, katika mtandao wa chuo, alikuwa akitumia Tor saa zile. Alipoulizwa, alikiri. Ajifunikaye uso kwa kitambaa katikati ya mchana hujificha uso, lakini hujitenga na wengine wote wasiojifunika.

HATARI KWA USALAMA WA AINGIAYE

Tuseme sasa kwamba mtu hakuonwa na polisi hata mmoja. Je, yu salama? Hata kidogo, kwa sababu amekwenda mahali ambapo kila mtu amejificha, na aliyejificha hana la kuogopa akikudhulumu.

Kwanza, mali yake. Mnamo Machi 2015 wenye soko liitwalo Evolution walitoweka usiku mmoja pamoja na bitcoin za wateja wao, zenye thamani ya mamilioni ya dola. Mnamo Agosti 2020 soko la Empire nalo lilitoweka. Aliyeibiwa humo ataenda kwa hakimu gani? Atasema, "Nilinunua haramu, sikuletewa"?

Pili, kompyuta yake. Anwani za tovuti hizi ni mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu 56 usiokumbukika, basi watu huzinakili kutoka orodha wazipatazo huku na huku. Wezi hutengeneza tovuti za bandia zinazofanana na zile, ili mgeni aandike nywila yake mikononi mwao. Na mafaili yapakuliwayo humo mara nyingi hubeba virusi vinavyosoma kila neno aandikalo mtu, hata nywila ya benki.

Tatu, mwili wake. Dawa zinunuliwazo gizani hazina mtu wa kuzipima. Vidonge vingi vimekutwa vimetiwa fentanyl, dawa ya maumivu yenye nguvu mno, ambayo miligramu mbili zake zaweza kumwua mtu.

Nne, roho yake. Kumekuwako tovuti iliyojitangaza kuwa yakodisha wauaji. Mwaka 2016 mafaili yake ya ndani yalivuja, ikadhihirika kwamba ilikuwa ulaghai mtupu: ilichukua fedha na haikuwa na muuaji hata mmoja. Lakini waliolipa walikuwa wamelipa kwa nia ya kweli, na huko Marekani wako waliofungwa kwa malipo hayo. Walidhulumiwa fedha zao, kisha wakafungwa kwa nia yao.

HATARI KWA ASIYEINGIA

Huenda msomaji akasema, "Mimi sina habari na mambo hayo, basi hayanihusu." Yanamhusu. Bidhaa mojawapo iuzwayo sana gizani ni habari za watu wasio na hatia: majina, nywila, namba za kadi za benki, nakala za vitambulisho. Zinaibwa katika makampuni na maofisi, kisha zinauzwa kwa watu wanaozitumia kulaghai.

Mfano wa kuhuzunisha ulitokea Finland mwaka 2020. Kumbukumbu za wagonjwa wapatao 33,000 wa kituo cha tiba ya nafsi kiitwacho Vastaamo zilikuwa zimekwisha ibwa kabla ya hapo, na baadhi zikaanza kubandikwa ndani ya Tor. Humo yalikuwamo maneno ambayo watu walimwambia mganga wao peke yake katika saa za uchungu mkubwa. Kituo kilitakiwa kitoe bitcoin 40. Kilipokataa, mwizi akawaandikia wagonjwa wenyewe, mmoja mmoja, akiwadai fedha ili siri zao zisitolewe. Watu hao hawakuingia gizani hata siku moja. Giza liliwafuata nyumbani.

SHERIA YASEMAJE?

Sheria za nchi nyingi hazimwulizi mtu, "Ulipita njia gani?" Zamwuliza, "Ulifanya nini?" Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao mwaka 2018. Zote mbili zahesabu kuwa jinai kuingia katika kompyuta ya mtu bila idhini, kudanganya kwa njia ya kompyuta, na mambo ya picha chafu za watoto. Dawa za kulevya, silaha na fedha bandia ni makosa kwa sheria nyingine za tangu zamani. Kosa halipungui kwa kuwa lilitendwa kwa Tor.

Tena usidhani kwamba muda ukipita jambo limekwisha. Mnamo Desemba 2021 wakuu wa Ujerumani walitwaa kompyuta za soko liitwalo Monopoly. Kumbukumbu zake zilisomwa kwa utulivu, zikagawiwa nchi mbalimbali, na mnamo Mei 2023 Europol ikatangaza kukamatwa kwa watu 288. Kwa hiyo anunuaye leo na kulala salama hajui ni orodha gani iliyobeba jina lake, wala itafunguliwa lini.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Mimi nataka kutazama tu, sitanunua kitu. Pana ubaya gani?

Jibu: Yako mambo ambayo kuyatazama ni kuyashiriki. Picha ya mtoto anayetendewa uovu si habari; ni uovu wenyewe unaoendelea kutendeka kila inapofunguliwa. Na katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo, kuwa nayo katika kompyuta ni jinai hata kama hukuilipia. Tena humo viungo havina alama ya kuonya. Aingiaye kwa udadisi hachagui atakachokikuta.

Swali: Je, haki ya mtu kuwa na siri ni dhambi? Nachunguza jambo ambalo jamaa zangu hawalipendi, nami sitaki wajue kabla sijafikia uamuzi.

Jibu: Siri si dhambi. Mtu anayetafuta ukweli ana haki ya kusoma na kuuliza kwa faragha, na heshima ya mwanadamu yataka hivyo. Lakini usichanganye faragha na giza. Kusoma kwa faragha, yatosha uwe na simu yenye nywila usiyomwambia mtu, usiache hesabu zako wazi katika kompyuta ya ofisi au ya jamaa, na utumie programu za ujumbe zinazofumba maneno hata asiweze kuyasoma ila mpelekewa. Masoko ya giza hayatakuongezea faragha yoyote. Yatakuweka jirani na watu wanaotafuta mtu mwenye siri ili wamtishe kwayo.

Swali: Hao waliokamatwa walikosea tu. Je, mwenye akili zaidi hawezi kuepuka makosa yao?

Jibu: Ulbricht alisomea fizikia, na Cazes alikuwa fundi hodari wa kompyuta. Hawakukosa akili. Kasoro haikuwa katika chombo bali katika mwanadamu. Ili ajifiche sawasawa yampasa asikosee kila siku, kwa miaka yote. Na amtafutaye yatosha aone kosa lake moja tu. Ni nani kati yetu ambaye katika miaka kumi hakuteleza hata mara moja?

YATUPASAYO

Basi baada ya dalili hizi, tunamshauri msomaji mambo haya:

1. Usiingie katika masoko hayo, wala usimwagize mtu akununulie humo. Bei rahisi ya gizani hulipwa mara mbili.

2. Tumia nywila tofauti kwa kila hesabu, ili moja ikiibwa zisiibwe zote. Na mahali ambapo benki au barua pepe yakubali hatua ya pili ya kuthibitisha, iwashe.

3. Usitoe nakala ya kitambulisho chako kwa kila aiombaye. Kenya kwa sheria ya mwaka 2019 na Tanzania kwa sheria ya mwaka 2022 zimempa mtu haki juu ya habari zake, basi uliza kila mara, "Yatumiwa kwa nini?"

4. Mtu akikutisha kwa siri yako, usimlipe na usimjibu. Hifadhi ujumbe wake na uupeleke polisi. Alipaye mara moja hudaiwa mara ya pili.

5. Ukikuta picha ya mtoto anayetendewa uovu, usiihifadhi na usimpelekee mtu yeyote, hata kwa nia ya kumwonya. Toa habari polisi. Na kwa mtoto aliye hatarini, katika Kenya na Tanzania namba 116 hupigwa bure.

6. Enyi wazazi, msiwatishe vijana kwa hadithi. Waelezeni mambo kama yalivyo, na waachieni mlango wa kurudi. Kijana aliyekwisha tumbukia, akijua kwamba nyumbani atapigwa tu, atabaki mikononi mwa wanaomtisha. Akijua kwamba atasikilizwa, atasema mapema, na mengi yatazuilika.

Ndugu msomaji, tulianza kwa kauli isemayo, "Huko hakuna aonaye." Tumeipima, na tumeiona ni pungufu. Alionekana mwenye soko kwa barua pepe yake, mnunuzi kwa anwani yake, mwizi kwa daftari la fedha, na mwanafunzi kwa pazia lake lenyewe. Tor huficha njia. Haimfichi mtu, kwa maana mtu huenda na ulimi wake, tamaa yake na mazoea yake kila aendako. Na hata kama wapo ambao hawajaonwa bado, ni maisha gani hayo ambayo mtu huyaishi akisikiliza hatua mlangoni? Afadhali mtu mwenye kompyuta duni na usingizi mzima, kuliko mwenye bilioni ndani ya kopo la bisi.